Shane wa Tipperary, Nelly wa Arusha

KUTOKA SOMBETINI
Na Elibariki Mollel

Desemba 8, 2023, katika mji wa Nenagh nchini Ireland, watu waliinuka kwenye mabenchi ya kanisa Katoliki wakacheza muziki mbele ya jeneza. Rais wa nchi, Michael D. Higgins, alikuwemo humo humo kanisani. Marehemu alikuwa Shane MacGowan, mwanamuziki wa panki, mlevi aliyejulikana dunia nzima kwa ulevi wake na kwa meno yake yaliyooza. Kabla ya ibada mwili wake ulipitishwa mitaa ya Dublin kwa gari la farasi, watu wamejipanga kando ya barabara wanaimba. Kwetu mlevi wa namna ile angezikwa chapuchapu, na mchungaji akapata nafasi ya kuhubiri juu ya pombe mpaka wenye viatu vya kuazima waanze kuondoka.

Kwa msiofuatilia, panki ni muziki wa magitaa machache, kelele nyingi na hasira, uliolipuka London mwaka 1976 kwa vijana waliokuwa hawana kazi wala matumaini ya kuipata. MacGowan alikuwa katikati ya fujo hiyo. Mwaka ule ule picha yake ilitoka magazetini, sikio likichuruzika damu, alipokuwa kwenye onyesho la bendi ya The Clash. Angeweza kuishia hapo, mmoja wa mamia ya vijana wenye nywele zilizosimama, na leo nisingekuwa na sababu ya kumwandika.

Kilichomtofautisha kilitoka kijijini. Alizaliwa Kent, Uingereza, kwa wazazi Wairish, na utotoni alikuwa akipelekwa Tipperary, Ireland, kwenye nyumba ya ndugu wa mama yake, ambako jioni watu walikusanyika kupiga muziki na kuimba. Mwaka 1982 yeye na wenzake walianzisha bendi ya The Pogues. Wakachukua nyimbo za nyumba kama ile, na kodiani, banjo na filimbi ya bati, wakazipiga kwa mwendo wa panki. Walinzi wa muziki wa asili walinuna. Watoto wa wahamiaji, waliozoea kuuonea haya muziki wa bibi zao, wakajaa kumbini.

Hapa Arusha tuliwahi kuwa na watu waliofanya jambo hilo hilo, na hatuwataji.

X Plastaz walianza miaka ya tisini, wakati hip hop ya Tanzania ilipokuwa bado inatafuta lugha. Dar es Salaam kulikuwa na kundi la Kwanza Unit, na msanii Mr II alikuwa ameshathibitisha kwamba unaweza kuchana kwa Kiswahili ukaeleweka. Huku kwetu walikuwepo Faza Nelly, Ziggy na Gsan, pamoja na Steve na Dineh walioshika maiki wangali wadogo. Mpaka hapo ni kundi kama makundi mengine ya Chuga, yaani Arusha, na wakati ule kila kona ya Ngarenaro, Kijenge na Unga Limited ilikuwa na lake. Kisha wakamwingiza Merege, mwimbaji wa Kimaasai, naye hakuja kupamba kiitikio. Alikuja kuimba kwa Kimaa, kwa namna yake, kama anavyoimba mtu aliyelelewa bomani.

Aliyewahi kusimama pembeni ya sherehe ya morani atanielewa. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, anatupa mstari peke yake, sauti ya juu, koo limekazwa. Wenzake wanamjibu kwa mngurumo unaotoka kifuani, pumzi inaingia na kutoka kwa pamoja, mabega na shingo vinakwenda nayo. Hakuna ngoma. Mapigo yote yamo ndani ya miili ya watu. Ukiweka biti chini ya sauti ile hulazimishi kitu, maana mahali pa biti pameachwa wazi tangu zamani. Juu yake wakaja akina Nelly na mistari ya Kiswahili cha mtaani, maneno yanasukumana kama abiria wa kifodi jioni. Ndivyo ilivyopatikana albamu ya Maasai Hip Hop, iliyotolewa mwaka 2004 na kampuni ya Out Here Records ya Munich, Ujerumani.

Najua linalofuata, maana nimelisikia kijiweni Mbauda mara nyingi: ule muziki ulitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Ni kweli aliyewatangaza sana nje alikuwa Mholanzi, ni kweli walipanda majukwaa ya Ulaya zaidi kuliko ya Dar es Salaam, na sikatai kwamba jina lenyewe la albamu lilimlenga mnunuzi wa kule. Lakini tukumbuke soko la hapa lilikuwaje. Msanii wa enzi za kaseti alipeleka kazi yake kwa msambazaji Kariakoo, akapewa fedha ya mkupuo, na baada ya hapo idadi ya nakala aliijua msambazaji na Mungu wake. Mtu wa mikoani alikuwa na nauli ya basi ya kuongeza juu ya hasara hiyo. Mjerumani alipofungua mlango, wangemwambia asubiri?

Halafu wasikilizeni. Wimbo wao Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki haukumlenga mtu wa Munich. Mtu wa Munich haelewi Kiswahili, na hajawahi kuona kibaka akivalishwa tairi mbele ya umati, mwenye petroli akisogea na mama mwenye genge akifunika nyanya zake zisichafuliwe na moshi. Sisi tumeona. Mtaani kwangu wapo watu wazima, wacha Mungu, waliookota mawe siku kama hizo. Tulioulizwa swali lile ni sisi, na nadhani ndiyo maana tukaona heri tuseme muziki ni wa Wazungu.

Mwishoni mwa Machi 2006 Faza Nelly aliuawa katika ugomvi hapa hapa Arusha. MacGowan alipewa miaka 65, mingi ya hiyo akiiharibu kwa mikono yake mwenyewe, hata wenzake wakamfukuza kwenye bendi mwaka 1991, na bado taifa likamsubiri. Nelly hakupewa nafasi ya kuzeeka wala ya kutuchosha. Gsan aliendelea, na mwaka 2009 alisimama kwenye tuzo za hip hop za televisheni ya BET ya Marekani, duara moja na mchanaji KRS-One, akachana kwa Kiswahili. Wangapi kati ya wanaoandika Chuga migongoni mwa bajaji zao wanalijua hilo?

Sisemi hip hop ya Arusha ilikufa. Joh Makini, G Nako na Lord Eyes wamelifikisha jina la mji huu mbali, na mdogo wake Joh, Nikki wa Pili, alitoka kwenye maiki akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Mashairi yao nayaheshimu, mengine nayakariri nikioga. Ila zima sauti ya mchanaji, acha biti peke yake, kisha niambie kama muziki huo umetoka chini ya Meru au Atlanta. Mlango ule aliopitia Merege umerudishwa, na sauti ya olaranyani tumewaachia hoteli za watalii, inaimba langoni wageni wakishuka kwenye magari, dakika kumi, kisha shanga zinatandazwa.

Vijana wa Osunyai na Ngusero wana studio za chumba kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta ya mkopo mezani. Biti wanazishusha mtandaoni bure. Wakati huo huo mlinzi wa geti la jirani, kijana wa Monduli, anaimba usiku kucha ili asilale, na sauti anayo. Mzee mmoja wa kanisani kwetu ameshanionya kwamba kumweka Mmaasai juu ya biti ni kuchezea mila. Walinzi wa muziki wa asili wa Ireland nao walinuna, mzee, na bado nyimbo za Tipperary zikaendelea kuimbwa.