Siku ya Posho Isiyo na Posho

Jumapili jioni mjini Kamina ina sura yake. Kwaya zimekwisha kutawanyika, ndoo za maji zimepangwa uani, mashati meupe ya wanafunzi yananing'inia kwenye kamba pamoja na sketi na suruali za buluu, na pasi ya makaa inapepewa ili ishike moto. Huo ndio wakati ambapo baba wa nyumba anaanza kunyamaza. Anaulizwa hili, anajibu lile. Bukari, ule ugali wa huku, inaletwa, anamega matonge mawili na kusogeza sahani. Mkewe akimuuliza ana nini, anasema ana mawazo.

Neno hilo lisipimwe kwa kamusi. Katika Kiswahili cha Kongo, mwenye mawazo mengi ni mtu ambaye fikra zinamla. Washona wa Zimbabwe wanaiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na tangu 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza nyanya wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wanaoteswa nayo. Kamina, hali hiyo ina saa yake: Jumapili, jua likizama.

Wala si Kamina peke yake. Wajapani wanaihusisha na Sazae-san, katuni ya familia inayorushwa kwenye televisheni Jumapili jioni tangu 1969: kipindi kikiisha, mtu anakumbuka kwamba kesho ni kazini na tumbo linamkaza. London nako, utafiti uliotolewa 2004 ulipima mate ya watumishi wa serikali na kukuta kwamba kotisoli, homoni inayouandaa mwili kuikabili siku, hupanda kwa nguvu zaidi asubuhi za kazi kuliko asubuhi za mapumziko. Basi anayeamka Jumatatu moyo ukimwenda mbio asiambiwe kwamba ni mvivu, wala kwamba karogwa.

Hata hivyo, hofu ya London na ya Kamina hazilingani. Mtumishi wa London anaogopa kazi itakayomkuta mezani. Wa Kamina kazi yake anaijua. Asichokijua ni lini italipwa, na ataishi vipi mpaka hapo.

Kiswahili chenyewe kina la kusema juu ya jambo hili. Huko pwani juma linahesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa, siku ya sala. Kwa hiyo Jumatatu ni siku ya tatu, na mtu wa Mombasa au Unguja anaiingia wiki ikiwa imekwisha kutembea. Kwa Wakongo, Jumatatu ni siku ya kwanza. Jumapili ni siku ya yenga. Na Jumamosi ni siku ya posho.

Jina hilo la mwisho limetoka kwenye mgao. Zama za ukoloni, makampuni makubwa ya Katanga yaliwapa wafanyakazi wao chakula kama sehemu ya ujira: unga, maharagwe, samaki, mafuta ya mawese. Mtu alibeba posho yake nyumbani, kesho yake akaenda kusali, na siku ya kwanza ilipoingia ungo haukuwa mtupu. Asije mtu akadhani kwamba hapa ukoloni unasifiwa. Posho ilipimwa kwa hesabu ya nguvu za kuchimba na kusukuma, kama vile injini inavyopimiwa makaa, na aliyeila hakuwa na sauti juu ya maisha yake. Lakini yule bwana mkali alielewa jambo ambalo waajiri wengi wa leo, pamoja na Serikali, wanalisahau: mtu hawezi kuanza wiki kwa kudaiwa unga.

Leo jina limebaki, mgao umekwenda. Kamina ni njia panda ya reli. Njia itokayo Lubumbashi inagawanyika hapa, mkono mmoja ukielekea Kananga na Ilebo, mwingine Kabalo na Kalemie. Kwa miongo mingi kuwa mtu wa reli ilikuwa heshima mtaani. Kisha shirika la reli, SNCC, likazama katika madeni, na malimbikizo ya mishahara yakawa hadithi inayojulikana nchi nzima. Katika mashirika ya umma ya Kongo wapo wazee waliofikisha umri wa kustaafu wakaendelea kuripoti kazini kwa sababu fedha zao za mwisho, ile dekonti finali, hazijatoka. Kwa mzee kama huyo siku ya kwanza ni siku ya kwenda kulinda deni lake.

Mwalimu naye ana yake. Septemba 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ahadi iliyokuwamo katika Katiba ya 2006, na watoto wakajaa madarasani. Lilikuwa jambo jema, na litetewe. Ila ile michango ya wazazi iliyokuwa ikimwongezea mwalimu riziki ilipoondolewa, jicho lake lote likaelekea Kinshasa. Wapo walimu wanaofundisha bila kuwamo kabisa katika orodha ya malipo. Huitwa NU, kifupi cha Kifaransa chenye maana ya "vitengo vipya", hata kama upya huo una miaka. Mwalimu wa namna hiyo akisimama Jumatatu asubuhi mbele ya bendera, darasa lake linamwona amenyooka. Hesabu anazozifanya kichwani hazimo katika mtaala.

Na kuna kichekesho cha saa. Kamina inafuata saa za Lubumbashi, kwa hiyo Jumatatu inafika huku saa moja kabla ya Kinshasa, ambako orodha za malipo hutiwa saini. Kazi inawahi, mshahara unafuata.

Katikati ya hapo anaingia mkopeshaji. Wakongo wamempa jina la utani, "banki Lambert": fedha za haraka, riba ya kukata pumzi, na pengine kadi ya benki ya mkopaji inawekwa rehani. Sheria ya Kazi ya 2002 inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki. Saa za kumkwepa Lambert hazimo.

Washauri wa afya ya akili husema mtu aandike usiku mambo anayopaswa kuyafanya kesho. Ushauri huo una msingi: katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2018, watu walioandika orodha ya kazi zilizokuwa zikiwasubiri walipata usingizi takriban dakika 9 mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza. Basi na iandikwe. Lakini kama mstari wa kwanza wa orodha ni unga, karatasi haitaugeuza kuwa bukari.

Kinachowashika watu wa Kamina wasianguke ni vitu vya kawaida kuliko hivyo. Likelemba, kwa mfano: kundi linachanga kila wiki au kila mwezi, na zamu ikifika mmoja anabeba zote. Nguvu yake haimo katika wingi wa fedha, kwa maana kila mtu anapokea kilekile alichotoa. Imo katika kujua tarehe. Mama anayejua kwamba zamu yake ni baada ya wiki tatu analala, hata kama leo hana kitu. Likelemba inaweza kutunza tarehe bila wizara, bila kompyuta na bila mhasibu, kwa daftari la mistari na aibu ya kumkosea jirani.

Kamina imekuwa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu 2015, na ofisi zimeongezeka pamoja na watu wanaozisubiri. Wakubwa wa ofisi hizo, na wa Kinshasa walio juu yao, hawaombwi muujiza. Waandike tarehe ya malipo ya kila mwezi, waibandike mlangoni mahali ambapo mwalimu na mtu wa reli wanaweza kuisoma, na siku hiyo ikifika walipe.