Aliyekwisha Fuzu Asirudishwe Mwanzo

Mwaka 2024 wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali waliingia Kidato cha Kwanza katika baadhi ya shule za sekondari nchini. Hao ndio wanaotarajiwa kumaliza Kidato cha Nne mwaka 2027, wakiwa na kitu ambacho kaka na dada zao hawakukipata, yaani vyeti viwili: kimoja cha Baraza la Mitihani kwa masomo ya jumla, na kingine cha Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi kwa fani waliyojifunza. Mabadiliko hayo yametokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma mapema mwaka 2025.

Hatua hiyo inastahili pongezi. Lakini pongezi peke yake haijengi. Liko swali moja ambalo lazima lijibiwe kabla ya mwaka 2027: cheti hicho cha pili kitakapofikishwa kwenye lango la chuo, kitahesabiwa kuwa ni nini?

Na achukuliwe, kwa mfano, kijana wa Chamwino ambaye kwa miaka minne amefundishwa kuotesha pingili za mzabibu, kupogoa, kupima maji ya kumwagilia na kutunza hesabu za shamba. Amepimwa na chombo cha Taifa, naye amefuzu. Akifika chuo cha kilimo akaambiwa aketi tena mwaka mzima kufundishwa namna ya kushika mkasi wa kupogolea, Taifa litakuwa limekubali kwamba kipimo chake lenyewe halikiamini. Tena litakuwa limemtoza mkulima mara mbili. Elimu ya sekondari hutolewa bila ada katika shule za umma, kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita tangu mwaka 2022. Chuo kina ada. Kwa hiyo kila somo ambalo mtoto amelifuzu shuleni, kisha akalirudia chuoni, ni somo ambalo mzazi wake analinunua ilhali alikwisha kupewa. Katika Kanda ya Kati, ambako mvua ikikataa mwaka mmoja huondoka na mtama, uwele na alizeti kwa pamoja, mwaka mmoja wa ada huweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kijana kumaliza chuo na kurejea nyumbani njiani.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni geni. La hasha. Katika fani nyingi za vyuo vya kati, aliyemaliza Kidato cha Sita na kufaulu kwa kiwango kinachotakiwa huanza juu ya yule aliyetoka Kidato cha Nne, akapata stashahada kwa miaka miwili badala ya mitatu. Katika vyuo vikuu, masomo huhesabiwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Anayehama chuo kimoja kwenda kingine huweza, kwa masharti maalumu, kuhama na krediti zake. Hata fundi aliyejifunzia kazi chini ya mbuyu, bila kukanyaga darasa, huweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi wake. Itakuwa ni kichekesho basi fundi wa mtaani atambuliwe, na aliyefunzwa katika shule ya Serikali arudishwe kwenye mstari wa kuanzia.

Historia nayo ina la kufundisha. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa shule inayomtenga mtoto na kazi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliondoa utaratibu wa kutoka Kidato cha Sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu, likataka mtu afanye kazi kwanza, na likataka maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe pamoja na mtihani. Katika miaka hiyo shule za sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Nia ilikuwa njema. Lakini utafiti wa Psacharopoulos na Loxley uliochapishwa mwaka 1985, ambao ulitazama Colombia na Tanzania, ulitia shaka kama faida ya michepuo ililingana na gharama zake. Somo lisilomfungulia mwanafunzi mlango wowote wa mbele huishia kudharauliwa na mwanafunzi mwenyewe, na mzazi, na hata mwalimu anayelifundisha. Amali itakwepa ajali hiyo iwapo tu cheti chake kitakuwa na uzito mbele ya chuo.

Hata hivyo, hofu ya wakufunzi isipuuzwe. Wao huuliza: chuo kitajuaje kwamba aliyeandikiwa kuwa amefuzu uchomeleaji aliwahi kweli kushika mashine ya kuchomelea? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kipimo. Krediti isitolewe kwa huruma wala kwa barua ya mkuu wa shule. Itolewe kwa mtihani wa vitendo ulio mmoja kwa shule zote, na palipo na shaka chuo kimpime tena mwombaji kwa siku chache, kabla ya kumpotezea mwaka.

Hofu kubwa zaidi ni ile ya usawa. Huko Marekani, tangu miaka ya 1950, mwanafunzi wa sekondari huweza kusoma masomo ya kiwango cha chuo, akafanya mtihani, na vyuo vingi vikamhesabia alama zake. Faida yake ni kubwa. Lakini kwa muda mrefu shule za maskini na za vijijini zimekuwa na masomo hayo machache kuliko shule za wenye nacho, na hivyo aliyekuwa mbele akazidi kusogea mbele. Tanzania haina sababu ya kunakili kasoro hiyo. Ikiwa shule yenye karakana itakuwa mjini na shule yenye ubao mtupu itakuwa Bahi, krediti itageuka kuwa kibali kipya cha wachache.

Dawa yake iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Kanda ya Kati ina Chuo cha VETA Dodoma. Ina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Chisalu wilayani Mpwapwa na Munguri wilayani Kondoa. Ina kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora na chuo cha mifugo Mpwapwa. Karakana na mashamba ya vyuo hivyo yafunguliwe kwa ratiba kwa wanafunzi wa sekondari zilizo jirani. Mtoto akijifunzia humo, chuo hakitakuwa na sababu ya kukitilia shaka cheti chake, kwa kuwa kitakuwa kimeshiriki kumfunza.

Muda uliobaki ni mfupi. Ni wajibu wa Baraza la Ufundi, ambalo makao yake makuu yako Dodoma, kukaa na vyuo na kutangaza waziwazi, fani kwa fani, ni masomo gani ya amali yatahesabiwa, kwa krediti ngapi, na kwa kipimo kipi. Tangazo hilo libandikwe katika kila shule yenye mkondo huo, ili mtoto na mzazi wajue wanachokitolea jasho. Mtu hapandi mahindi akisubiri kuambiwa wakati wa mavuno kama yataliwa au yatatupwa.