Uwanja si kiwanja kitupu

Ukitoka ibadani leo pale Kihesa, usipande bajaji. Tembea kwa miguu kutoka sokoni hadi unakoishi, na njiani uhesabu vitu viwili: watoto wanaocheza barabarani, na sehemu ambazo wangeweza kucheza bila kuwa barabarani. Hesabu ya kwanza itakushinda. Ya pili utaimaliza kwa vidole vya mkono mmoja, na huenda vidole vikabaki.

Magoli ni mawe mawili. Bodaboda ikija, mmoja anaukumbatia mpira, wengine wanapisha, kisha mchezo unaendelea pale ulipoishia. Tumeizoea picha hiyo hata tunaiona ndiyo utoto wenyewe. Vivyo hivyo tumezoea turubai la msiba kufunga barabara, kwa sababu nyumba ya marehemu haina uwanja na jirani naye hana. Akina mama wamekaa mikekani wanalia, na nyuma yao lori la matofali linapiga honi lipite. Kwa kweli hilo la msiba ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sababu zake tunazijua. Chuo Kikuu cha Iringa kipo hapa, vyuo vingine haviko mbali, na mwanafunzi anahitaji chumba. Mwenye nyumba akaongeza vyumba vya kupangisha uani, kisha ubavuni, hadi ukuta wake ukagusa wa jirani. Simlaumu, maana kodi ya chumba hicho ndiyo ada ya mwanawe. Juu yetu kuna mlima na mawe makubwa, chini kuna mabonde, kwa hiyo ardhi ya kujenga si nyingi. Lakini kadiri nyua za nyumba zinavyokwisha, ndivyo uwanja wa wote unavyohitajika zaidi. Sisi tumeviacha vyote viwili vipungue pamoja.

Eneo la wazi halipotei kwa siku moja. Huanza na banda la chipsi pembeni, na hakuna anayelalamika, chipsi tunakula sote. Halafu anakuja mtu anamwaga mchanga na kokoto, anasema ni za muda tu. Mwaka unaofuata kuna uzio wa mabati. Watoto wanahama. Siku ukuta wa matofali unapopanda, ukiuliza unajibiwa: "Si palikuwa patupu tu!"

Neno hilo, "patupu", ndilo lililonifanya niandike leo. Katika ramani ya mipango miji eneo la wazi halikuachwa kwa kusahaulika. Limepangwa, kama lilivyopangwa eneo la shule, la zahanati na la ibada. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeipa halmashauri kazi ya kupanga na ya kuamua juu ya kubadili matumizi ya ardhi. Matumizi hayabadiliki kwa sababu mtu amewahi kumwaga kokoto. Uwanja wa watoto una matumizi tayari, ila hauna mwenye kuulalamikia.

Sasa fungua Biblia yako, Hesabu sura ya 35. Mungu anaagiza Walawi wapewe miji 48 ya kukaa, kwa kuwa hawakupata urithi wa nchi kama makabila mengine. Angalia jinsi anavyotaja pia nafasi ya wazi kuuzunguka kila mji, akataja na vipimo vyake kwa dhiraa, upande wa mashariki, kusini, magharibi na kaskazini. Mungu anapanga mji kama afisa mipango miji mwenye kamba mkononi. Ezekieli naye, katika sura ya 48, anapooneshwa mji ule wa maono, anaoneshwa pia nafasi ya wazi ya dhiraa 250 kila upande. Hata mji wa maono haukujengwa hadi mpakani.

Kisha nenda Mambo ya Walawi 25, mistari ya 32 hadi 34. Nyumba ya Mlawi katika mji wake inaweza kuuzwa, na ina masharti yake ya kukombolewa. Lakini eneo la malisho ya mji halikuruhusiwa kuuzwa kabisa, kwa kuwa ni mali yao ya daima. Nyumba ilikuwa na bei. Malisho ya wote hayakuwa na bei. Na tazama aliyekatazwa ni nani: si mfanyabiashara, si mgeni, si mfalme. Ni kabila la watumishi wa madhabahu.

Hapo ndipo nataka tuzungumze sisi wenyewe kwanza, kabla ya kuinyoshea Manispaa kidole. Katika miji yetu si mara moja wala mbili ambapo barua ya kuomba eneo la wazi imekuja na nembo ya kanisa. Dhehebu changa limekua, linasali kwenye darasa la shule la kukodi, linatamani pa kwake, linaona uwanja wa jirani. Diwani anapata taabu kukataa: nani anataka kuitwa mpinga kanisa? Na ukuta wa kanisa ukishapanda, hakuna mkazi atakayethubutu kwenda kuulalamikia. Tunaomba ardhi ya watoto, tunaipata kwa jina la Yesu, na Jumapili tunafundisha kwamba yeye ndiye aliyesema watoto waachwe waje kwake.

Utaniambia injili ni kubwa kuliko mpira. Ni kweli. Lakini injili yenyewe imekuwa ikihubiriwa wapi? Yohana sura ya 6 inaeleza kwamba pale Yesu alipowalisha wanaume wapatao 5,000 palikuwa na majani mengi, akaagiza watu waketi. Sinagogi gani lingewatosha? Na sisi hapa Iringa, tukitaka mkutano mkubwa wa injili, hatuendi ndani ya jengo. Tunakwenda uwanjani, Mwembetogwa au kwingine, ambako mlevi, Mwislamu na mtu asiyekanyaga kanisani miaka kumi anaweza kusimama pembeni akasikiliza bila kuulizwa yeye ni wa jumuiya gani. Kanisa linalomeza uwanja limeziba mlango ambao wasio wake wangeingilia.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia hili. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi, wakati wa Kongamano la Ekaristi. Miaka minne tu baadaye ukatangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 katika bustani hiyohiyo. Wangari Maathai, binti aliyesomeshwa na masista wa Kikatoliki, akaanza kuandika barua, moja baada ya nyingine. Bungeni wakamdhihaki. Mwisho wafadhili wakajitoa na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 kona ya bustani hiyo ndipo walipokaa akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakidai wana wao waachiwe. Polisi walipowatimua kwa nguvu, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Waanglikana, lililo jirani hapo, likawapokea, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Bustani na kanisa vilifanya kazi moja wakati huo. Lile ghorofa lingekuwepo, mama wale wangeketi wapi?

Kihesa si Nairobi, najua. Uwanja wetu hautapata mwandishi wa habari wa kigeni. Ndiyo maana hatari yetu ni kubwa kuliko yao, kwa kuwa hapa uwanja hupotea kimyakimya, kwa futi chache chache.

Lipo na bonde la Mto Ruaha Mdogo, ambalo mji huu unalitazama kutoka juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Naomba tu isitumike kwa bibi mwenye kinyungu cha mboga peke yake, kwa kuwa ni rahisi kumfukuza, huku ukuta wa mwenye gari ukisogea majini taratibu.

Zekaria aliwahubiria watu waliotoka uhamishoni, mji wao ukiwa magofu. Angeweza kuwaahidi kuta na minara. Katika sura ya 8 anawaahidi wazee wenye mikongojo wakiketi katika njia za mji, na wavulana na wasichana wakicheza humo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa dalili kwamba Bwana amerudi Sayuni. Njia zile hazikuwa na bodaboda, kwa hiyo usije ukanijibu kwamba watoto wetu barabarani wanaitimiza.

Mkutano wa mtaa wako ukiitwa, usimwachie mpangaji wako. Nenda, umuulize mwenyekiti kwa heshima maeneo ya wazi ya mtaa huu ni yapi kwenye ramani, na mawe yake ya mipaka yako wapi. Kama hajui, muende wote wawili kwa afisa mipango miji wa Manispaa mkaangalie. Na kama kanisa lako lina uwanja ambao lango lake hufungwa kwa kufuli kuanzia Jumapili mchana hadi Jumapili nyingine, uliza katika kikao kijacho cha wazee au cha halmashauri ya walei ufunguo wake anakaa nao nani.