MSHAHARA USIWE FUMBO

Kijana wa Likawage aitwapo Kilwa Masoko au Lindi kuhojiwa kwa ajili ya kazi, hujiandaa kwa kila swali isipokuwa moja. Hukusanya vyeti, huazima shati, na hujibu vyema mpaka aulizwe: "Unataka mshahara kiasi gani?" Hapo huinamisha uso na kusema: "Chochote mtakachonipa, mzee." Ndugu zetu wa Songo Songo, waliovuka bahari kutafuta ajira, nao hujibu vivyo hivyo.

Jibu hilo tumelirithi katika malezi, kwani kwetu kutaja fedha mbele ya mkubwa huhesabiwa utovu wa adabu. Lakini mwajiri si mjomba, wala mshahara si zawadi ya Idi. Sisi tuliopitia chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba ijara haisihi mpaka ujira ujulikane. Ajabu ni kwamba somo hilo tunaliacha mlangoni mwa ofisi! Hata wazee wetu waliokwenda manamba kwenye mkonge zama za ukoloni, pamoja na kunyonywa kwao, walijua kwamba kipande kinadai siku 30 za kazi.

Katika utumishi wa umma ngazi ya mshahara huwekwa wazi, na hapana la kubishania. Tatizo liko kwa waajiri binafsi. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kitapanda kwa asilimia 33.4, kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kila sekta na kiwango chake. Asiyekijua kiwango cha kazi anayoiomba hawezi kutambua kwamba amepunjwa.

Basi mwombaji na aulize kwanza majukumu na saa za kazi, na kama chakula na malazi vimo. Apige hesabu ya kodi ya chumba na nauli ya jahazi au basi, kisha ataje kiasi bila kutetemeka. Akiulizwa alilipwa kiasi gani mwanzo, aseme kweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ujira kwa maandishi aanzapo kazi, na amfafanulie asipoyaelewa. Shauri likifika mbele ya sheria na maandishi hayapo, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Tunawaomba maofisa kazi wabandike viwango hivyo, kwa Kiswahili, katika ofisi ya kata Likawage na penye gati la Songo Songo, kabla vijana hawajaondoka.