Makaburi yapo, kanisa hakuna

Wenzangu, Jeddah kuna makaburi ya wasio Waislamu, tena ya zamani. Kanisa je? Hakuna, wala Riyadh. Yaani Mkristo anaweza kuzikwa, ila kusali hadharani, hapana.

Mwaka 2007 Mfalme Abdullah alikutana na Papa Benedikto wa 16 Vatikani. 2008 akaitisha mkutano wa dini mbalimbali, Madrid. Kituo cha mazungumzo kikafunguliwa Vienna 2012, na 2022 kikahamia Lisbon. Mbona kote huko ni Ulaya? Dada zetu wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ndani wako Riyadh, wanasali chumbani kwa sauti ya chini, akipatikana nafasi mtu.

Mtasema kila nchi na desturi zake. Sawa, na Makka na Madina mimi sigusi. Lakini kanisa la Mkunazini, Zanzibar, lilijengwa enzi za Sultani Barghash, Mwarabu na Mwislamu, na adhana haikunyamaza hata siku moja!

Ndugu zetu Waislamu wa chama hiki, mnaopitia Jeddah kwenda Umra, nyinyi mtasikilizwa kuliko sisi. Wasimulieni wenyeji habari za Mkunazini.