Coco, Idi na Bamvua

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya tesiti. Leo niko nyumbani Segerea, umeme upo, na nina dukuduku.

Idi pili nilienda Coco na jamaa yangu tunayekaa chumba kimoja hosteli. Daladala mbili, muhogo na pilipili, picha mbili tatu, kama saa kumi na moja jioni tukaingia majini. Jamaa akachagua sehemu ambayo mawimbi hayavunjiki, maji yametulia kabisa. Kidogo tu namwona anapiga mikono kurudi, lakini anazidi kwenda mbali. Aliyemtoa ni dogo mmoja anayekodisha tyubu za tairi. Jamaa akalala mchangani anatapika maji ya chumvi, mi natetemeka kama niliyezama mimi.

Waliokuwepo wakasema uzembe. Wengine wakasema bahari ina wenyewe. Mi nasema ni ujinga, na hasa ujinga wetu sisi wasomi.

Jamani, nasomea ualimu wa Jiografia! Kwenye mazoezi ya kufundisha nimechora ubaoni jua, mwezi na dunia, nikaeleza kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Wanafunzi wakanakili, tukaachana. Sikuwahi kujiuliza: hivi Idi el-Fitri si huja na mwezi kuandama? Yaani siku ambayo Coco inafurika watu ndiyo siku za bamvua, kila mwaka! Pwani yetu siku hizo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hujaa karibu saa kumi alasiri, kisha yanaanza kupwa kwa nguvu, na sisi ndiyo kwanza tumeshiba pilau tunaingia.

Na pale palipotulia? Maji yanayoletwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na hurudi kwa kupita kwenye mkondo wenye kina. Ndiyo maana mawimbi hayavunjiki hapo. Ukinaswa usishindane nao. Elea, inua mkono, au ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndiyo urudi. Na miezi ya kusi, hasa Juni mpaka Agosti, mawimbi ni makubwa zaidi, ongeza tahadhari.

Kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku watu kuogelea sikukuu. Sikubaliani nao. Mtoto wa Segerea hana bwawa la kuogelea, Coco ndiyo bwawa lake na ni bure. Ukimfukuza leo atarudi kesho, bado hajui kitu. Mi naona liwekwe pale bao moja tu, kila asubuhi mtu aandike kwa chaki: leo maji yanajaa saa fulani, yanapwa saa fulani, mkondo uko upande huu. Wavuvi wetu hujua hayo kwa kuhesabu siku za mwezi, maana kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Sisi tuna digrii njiani, tunashindwa?

Nikirudi kufundisha, somo nitalianza na swali moja: kesho Coco maji yanapwa saa ngapi? Michoro baadaye.

Dogo wa tyubu, sikukuuliza hata jina. Asante sana.

Alamsiki wadau.