Warusi walitangulia angani: sababu gani?



Kila mara somo la fizike likigusa mambo ya roketi na satelite, ubishi unaanza, na unaendelea paka usiku katika mabweni. Sababu gani Warusi waliwatangulia Wamarekani, na Wamarekani walikuwa na mali kupita wote? Wamoja wanasema: «Warusi wanazaliwa na akili ya hesabu.» Wengine wanajibu: «Hapana, walikamata tu wataalamu wa Wajerumani.» Sisi hatukubali jibu la kwanza wala la pili. Tena tunaona kwamba ubishi huu si wa kuchekesha tu. Mutu anayeamini kwamba taifa linatangulia kwa sababu limezaliwa na akili, kesho atasema kwamba taifa lake mwenyewe liko nyuma kwa sababu limenyimwa akili. Hiyo ni sumu, na tumekwisha kuisikia katika vinywa vya wenzetu.

Tuanze na mambo yenyewe. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, satelite ya kwanza, yenye uzito wa karibu kilo 84. Mwezi haukuisha, tarehe 3 Novemba wakarusha ya pili, na ndani yake mbwa Laika. Wamarekani walijaribu tarehe 6 Desemba: roketi yao Vanguard ilinyanyuka kidogo, ikaanguka, ikawaka moto mbele ya wapiga picha wa dunia yote. Satelite yao ya kwanza, Explorer 1, ilifika angani mwisho wa Januari 1958, na uzito wake ulikuwa kilo 14 tu. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin alizunguka dunia kwa dakika 108. Mmarekani John Glenn aliizunguka tarehe 20 Februari 1962, miezi kumi nyuma yake.

Basi, ilikuwa akili ya damu? Tuangalie. Tunasema «Warusi» kwa mazoea, lakini Umoja wa Kisovieti ulikuwa na mataifa mengi. Sergei Korolev, mkubwa wa kazi ile ya roketi, alizaliwa Zhytomyr katika Ukraine, na Sputnik iliondoka katika inchi ya Kazakhstan. Tena mbegu ya akili ilikuwa pande zote mbili. Urusi ilikuwa na Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule ambaye masikio yake yaliharibika tangu utoto. Alitoa hesabu za roketi mwaka 1903. Marekani ilikuwa na Robert Goddard, ambaye mwaka 1926 alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya maji. Kwa hiyo akili haikukosekana kwa mtu.

Na Wajerumani? Ni kweli, kisha vita pande zote mbili zilichukua wataalamu wao. Lakini Wernher von Braun na wakubwa wa kikundi chake walikwenda Marekani, si Urusi. Kama Wajerumani ndio sababu, Marekani ingetangulia.

Sisi tunaona sababu mbili zenye nguvu. Ya kwanza ni haja. Kisha vita ya 1945 Marekani ilikuwa na bomu ya atomiki, ndege kubwa za kuibeba, na viwanja vya ndege karibu na mipaka ya Warusi. (Sehemu kubwa ya uranium ya bomu zile za kwanza ilitoka kwetu, Shinkolobwe katika Katanga, tusifikiri kwamba historia hii ni ya wageni peke yao.) Warusi hawakuwa na kiwanja hata kimoja karibu na Marekani. Njia iliyowabakia ilikuwa roketi ya kuvuka bahari. Tena bomu yao ilikuwa nzito sana, tani nyingi, kwa hiyo walilazimishwa kutengeneza roketi kubwa sana, R-7. Wamarekani walijua kupunguza uzito wa bomu, basi roketi ndogo iliwatosha. Angalieni jambo hili vizuri: Warusi walikuwa na roketi kubwa kwa sababu walikuwa nyuma katika ufundi wa bomu! Udhaifu wao uliwapa nguvu. Roketi iliyotengenezwa kwa vita ndiyo iliyobeba Sputnik, kisha ikaongezwa sehemu juu yake, ikambeba Gagarin.

Sababu ya pili ni namna ya kuchagua. Mwaka 1955 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itarusha satelite, kisha ikachagua Vanguard, roketi ambayo ilikuwa bado kutengenezwa. Ilipendelea kazi ya sayansi isiyofanana na kazi ya vita. Lakini roketi ya von Braun na jeshi la inchi kavu ilikuwa tayari. Septemba 1956 ilipanda zaidi ya kilometa 1000, na sehemu yake ya juu kabisa haikuwa na moto wa kuisukuma, kwa sababu ruhusa ya kurusha satelite haikutolewa. Kumbe wangeweza kutangulia! Kwa upande mwingine Korolev aliona kwamba satelite kubwa waliyopanga inachelewa. Hakungoja. Aliomba kwanza kitu kidogo na chepesi kutengeneza, tufe yenye radio ndani. Ndiyo Sputnik. Ile kubwa ilifuata Mei 1958.

Wengine katika shule yetu wanaleta Neno la Mungu katika ubishi huu. Wanasema serikali ya Warusi ilimkataa Mungu, na Wamarekani walisoma kitabu cha Mwanzo wakizunguka mwezi siku ya kuamkia Noeli 1968, ndiyo maana walishinda. Sisi ni wakristo, na usomaji ule unatufurahisha. Lakini aliyeziumba mbingu aliweka sheria moja ya kuanguka na ya kupanda kwa watu wote. Mwenye kuomba asipofanya hesabu yake sawasawa, roketi yake itaanguka pia.

Sasa, mutangulizi alipotezaje nafasi yake? Wamarekani walifeli mbele ya watu, wakachekwa. Kisha aibu wakafanya kazi. Mwaka 1958 walianzisha NASA, na mwaka ule ule wakatoa sheria ya kusaidia masomo: mikopo kwa wanafunzi, nguvu mpya kwa hesabu, sayansi na lugha za kigeni. Tarehe 20 Julai 1969 wakashuka juu ya mwezi. Warusi walificha makosa yao, na wakubwa wa kazi waligombana. Korolev mwenyewe alifungwa mwaka 1938 kwa mashitaka ya uongo, akateswa Kolyma, akafa Januari 1966, na paka siku ile watu wa inchi yake hawakujua jina lake. Roketi yao ya mwezi, N1, ilikuwa na injini 30 chini yake, lakini hawakujenga mahali pa kuzijaribu zote pamoja kabla ya kuruka. Iliruka mara nne, tangu 1969 paka 1972, ikaharibika mara zote nne. Ni sawasawa na mwanafunzi anayeruka mazoezi na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Wa kwanza wa muhula wa kwanza asijivune, na wa mwisho asijihesabu mpumbavu. Tena, tunapomcheka mwenzetu aliyekosea hesabu mbele ya ubao, tunamfundisha kuficha. Kesho hatauliza tena, na kosa lake litabaki ndani yake paka siku ya mtihani wa serikali. Tunaomba wanafunzi wa kalasi za juu waache kicheko hiki kwanza, kwa sababu wadogo wanawafuata. Na waalimu wetu tunawaomba kwa heshima: kisha kila interro, mutupe nafasi ya kusahihisha makosa yetu pamoja, kwa sauti, bila kuogopa. Hatuna vyombo vingi, ni kweli. Lakini kurudia hesabu iliyokosewa kunaomba chaki tu.

Hayo ni maoni yetu. Asiyekubali atuandikie, kurasa hizi ni zetu sote.

Sisi wanafunzi wa sayansi